Tangi la matumbawe likisumbua: dalili, vyanzo, na pa kuanzia

Tangi dogo la maji ya chumvi, mawe machache, matumbawe laini mawili matatu, samaki wawili, na chini yake stendi uliyoipiga mwenyewe kwa mbao. Ni kazi ambayo mtu mwenye subira anaiweza kabisa, na inapokaa sawa hakuna kitu kizuri kama hicho ndani ya nyumba. Isipokaa sawa, maswali huwa ni yale yale, na baada ya kuyajibu mara nyingi nimeona jambo moja: shida huonekana majini, lakini mara nyingi chanzo chake kiko nje ya maji. Kiko kwenye ndoo, kwenye stendi, kwenye soketi, au kwenye kipimo kilichopitwa na tarehe. Mtu anaona matumbawe yamefunga, anakimbilia chupa ya dawa, kumbe tatizo ni maji anayojazia kila asubuhi.

Kwa hiyo kila dalili hapa chini inaanza na mambo unayoweza kuyakagua mkono ukiwa mkavu. Vyanzo nimevipanga kuanzia kile kinachotokea zaidi. Shika kanuni mbili tu: pima kabla ya kutia kitu chochote, na badilisha jambo moja kisha usubiri siku tatu. Ukibadilisha matatu kwa mpigo, hata tangi likipona hutajua kilicholiponya.

Vipimo vya kulinganishia ni hivi:

- Chumvi: sehemu 35 kwa elfu (1.025 hadi 1.026 kwenye haidromita)
- Joto: nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi
- Amonia na nitriti: sifuri
- Nitrati: miligramu 2 hadi 10 kwa lita
- Fosfati: miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita
- Ualkali (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke): digrii 8 hadi 9 za KH
- Kalsiamu: miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350
- pH: 7.8 hadi 8.4

Mstari wa maji umelala upande, au stendi inatikisika na kulia

Naanza hapa kwa sababu hii ndiyo dalili pekee inayoweza kumwaga kila kitu sakafuni. Piga hesabu kwanza. Lita 200 za maji ya bahari zina uzito wa takriban kilo 205. Ongeza kioo, mawe na mchanga, unakaribia kilo 280, na stendi yenyewe bado. Uzito huo haupumziki usiku wala mchana.

Chanzo cha kwanza ni sakafu isiyo sawa. Weka pimamaji juu ya stendi, kwa urefu na kwa upana. Kama tangi lina maji tayari, chukua rula upime kutoka ukingo wa kioo hadi usoni mwa maji kwenye pembe zote nne. Tofauti ya milimita 2 au 3 kutoka mwisho hadi mwisho, tangi likiwa limelala upande mmoja tu, haina neno. Hatari iko kwenye kupinda. Jumlisha vipimo vya pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, kisha jumlisha vile vya pembe mbili nyingine. Jumla hizo zikilingana, tangi limelala tu. Zikipishana kwa zaidi ya milimita 2, kioo kinasokotwa, na kioo hakisokotwi kwa muda mrefu kabla ya kupasuka au kuachia kwenye maungio.

Ukitaka kusawazisha, punguza maji hadi robo, kisha weka vipande vya plastiki ngumu chini ya miguu ya stendi. Usiweke kabari kati ya stendi na tangi, kwa kuwa hapo utakuwa umekusanya uzito wote kwenye nukta moja ya kioo. Kuhusu mkeka wa sponji, tangi lisilo na fremu, ambalo kioo chake cha chini kinakaa moja kwa moja kwenye ubao, linauhitaji. Tangi lenye fremu ya plastiki chini lisiwekewe, kwa sababu limeundwa kubebwa kwenye kingo, na sponji itasukuma kioo cha katikati kwenda juu.

Chanzo cha pili ni namna uzito unavyoshuka. Piga magoti utazame pembe za stendi. Boriti ya juu inayobeba tangi inapaswa kukaa juu ya mguu, mbao juu ya mbao, hadi sakafuni, na kazi ya skrubu iwe ni kushikilia tu visiachane. Stendi nyingi za nyumbani nilizoonyeshwa zina boriti iliyobandikwa ubavuni mwa mguu kwa skrubu mbili, kwa hiyo kilo 280 zimening'inia kwenye skrubu nane. Dawa yake ni rahisi: mwaga tangi, kata viguzo vinne vinavyoingia kwa kubana chini ya boriti hadi sakafuni au hadi kwenye fremu ya chini, uvifunge kwenye miguu.

Chanzo cha tatu ni kuyumba kwa pembeni. Stendi inaweza kubeba uzito wote wa kwenda chini na bado ikaanguka kama meza mbovu mtu akiiegemea. Kama ukiisukuma kidogo inacheza, haina kitu cha kuizuia kwa mshazari. Funga plaiwudi ya milimita 12 mgongoni yote, kwa gundi na skrubu, au mbao za mshazari nyuma na ubavuni. Milango ya mbele haihesabiki.

Cha nne ni mbao kuvimba. Hiki kimenipata mwenyewe. Stendi yangu ya kwanza niliiwekea juu ubao wa chipbodi, kwa kuwa ulikuwa umenyooka kuliko mbao zote. Matone ya chumvi yakaingia kwenye ukingo ambao sikuupaka rangi, na pembe moja ikavimba bila mimi kuiona. Nilichokiona ni mstari wa maji tu, umepanda kushoto. Usiku huohuo nilihamishia samaki na matumbawe kwenye ndoo zenye hita, nikamwaga tangi. Tangu hapo natumia plaiwudi ya milimita 18, nikipaka rangi ya epoksi au vanishi tabaka tatu, na kingo zilizokatwa nazipaka kwanza, kwa kuwa hizo ndizo zinazokunywa maji. Skrubu ziwe zisizoshika kutu. Chumvi hula chuma cha kawaida polepole, na huwezi kuiona kazi yake mpaka kichwa cha skrubu kikatike.

*Simama umwite fundi:* ukisikia mlio wa kupasuka, ukiona ufa kwenye kioo hata mdogo, au boriti ikipinda kwa macho, toa maji sasa hivi, usingoje kesho. Na kama tangi lina zaidi ya lita 200 na litakaa juu ya sakafu ya mbao ya ghorofani, mwite mtu wa ujenzi aangalie boriti za sakafu kabla hujajaza.

Sakafu ina maji

Usidhani mara moja kuwa kioo kinavuja. Mara nyingi si kioo.

Futa kila kitu kikauke, kisha zungushia karatasi ya chooni kwenye msingi wa tangi, chini ya kila ungio la bomba na chini ya kila waya. Rudi baada ya saa moja. Karatasi itakuonyesha mahali penyewe, na ikikauka ikaacha unga mweupe, maji hayo yametoka tangini.

Wa kwanza kushukiwa ni waya na mipira. Maji hupanda kwa kufuata chumvi iliyoganda kwenye waya, yakavuka ukingo na kudondoka nje tone kwa tone. Safisha kwa kitambaa chenye maji baridi, na waya utoke tangini ukielekea juu. Wa pili ni kikombe cha skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) kufurika, hasa wiki za mwanzo au baada ya kuosha mikono kwa sabuni na kuitia majini. Wa tatu, kama una tangi la chini la kuchujia, ni maji kurudi umeme ukikatika: pampu inasimama, bomba la kupandishia linageuka kuwa mrija wa kunyonya, na tangi la chini linafurika. Jaribio ni kuzima pampu kwa makusudi ukiwa umesimama hapo na ndoo. Weka alama ya kalamu mahali maji yanapoishia, usijaze tena kupita kiwango kinachoacha nafasi hiyo. Toboa pia tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, livute hewa mapema, na ulisafishe kila mwezi kwa kuwa konokono hupenda kulala humo.

Wa nne ni ungio la bomba linalopita kwenye kioo. Raba yake ikae upande wa kola, ule wenye ukingo mpana, si upande wa nati. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko tu.

Silikoni ya maungio ya kioo ndiyo ya mwisho. Na hapo nakuomba usijidanganye na kiraka. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani, kwa hiyo kuipaka juu kutakupa siku chache za amani na mafuriko baadaye. Tangi linamwagwa, silikoni yote ya ndani inakwanguliwa kwa wembe, kioo kinasafishwa kwa spiriti, kisha inapigwa upya. Kama ni ungio lenyewe linaloshika kioo kwa kioo ndilo limeachia, hiyo ni kazi ya fundi vioo.

Ukigusa maji unasikia umeme, au swichi kuu inajikata

Toa mkono. Usiguse tangi, fremu wala taa. Zima umeme kwenye ubao mkuu, kama njia ya kuufikia ni kavu.

Chanzo cha kawaida ni hita iliyopasuka: imeachwa hewani ikiwaka wakati wa kubadilisha maji, kisha ikazamishwa ikiwa ya moto. Baada yake ni chumvi ndani ya plagi, halafu waya wa pampu uliochubuka. Umeme ukiwa umezimwa, chomoa vyote na ukaushe. Washa tena, chomeka kimoja kimoja, mikono ikiwa nje ya maji. Kile kinachokata swichi ndicho chenye hitilafu. Kitupe, usikizibe kwa gundi.

Kila tangi la maji ya chumvi liwe nyuma ya swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Acha kila waya uning'inie ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone lianguke sakafuni na si ndani ya plagi. Soketi usizifunge ndani ya stendi chini ya tangi. Zitoe ubavuni, juu ya kiwango ambacho maji yanaweza kufika.

*Mwite fundi umeme* kama swichi inakata hata vyote vikiwa vimechomolewa, kama nyumba haina waya wa ardhi, au kama maji yameingia kwenye soketi ya ukutani.

Chumvi haitulii: leo 35, wiki ijayo 38

Karibu kila anayeniuliza hili anajazia maji ya chumvi. Maji yanapopungua kwa joto, yanayoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki. Tangi lenye sentimita 90 kwa 45 likipungua sentimita moja, zimetoka lita 4. Ukirudisha lita 4 za maji ya chumvi, umeongeza gramu 140 za chumvi ambazo hazikuhitajika. Fanya hivyo siku tano uone. Jazia maji yasiyo na chumvi, kila siku, kidogo kidogo, hadi kwenye alama uliyochora kwenye kioo. Maji ya chumvi ni ya kubadilishia maji uliyoyatoa, basi.

Chanzo cha pili ni kipimo kinachodanganya. Haidromita ya mkono wa plastiki hushikwa na viputo vya hewa na kusoma juu. Igonge kidogo, na isuuze kila baada ya kuitumia. Rifraktomita isawazishwe kwa maji maalumu ya kipimo cha 35. Ukiisawazisha kwa maji matupu pekee, inaweza kusoma sifuri vizuri na bado ikakosea huku juu tunakohitaji.

Cha tatu ni kuchanganya chumvi haraka. Tia chumvi kwenye maji, si maji kwenye chumvi, ndani ya ndoo pembeni na pampu ikizungusha. Acha saa kadhaa, ikiwezekana hadi kesho yake, ndipo upime. Usichanganyie kamwe ndani ya tangi lenye viumbe.

Kurekebisha kunataka upole. Tangi la lita 180 lililofika 38 linashushwa hadi 35 kwa kutoa takriban lita 14 na kurudisha maji matupu kiasi hicho, lakini kwa siku tatu, usizidi kipimo kimoja kwa siku. Samaki huenda wakavumilia mshtuko. Kamba na nyota za baharini hawavumilii.

Maji yana ukungu

Tangi jipya: ni vumbi la mchanga. Subiri siku mbili, badilisha pamba ya chujio.

Ukungu mweupe kama maziwa uliokuja ghafla mara tu baada ya kutia kalsiamu au dawa ya ualkali: vimekutana na kuganda. Acha kutia, pima ualkali, na siku nyingine vitie kwa kupishana, mahali penye mkondo mkali.

Ukungu uliokuja siku chache baada ya kulisha kupita kiasi, au baada ya kiumbe kufia nyuma ya mawe: ni bakteria wameongezeka. Wenyewe si sumu, ila wanakula oksijeni. Ongeza mtikisiko wa uso wa maji, mtafute aliyekufa, acha kulisha siku mbili. Kama ni viputo vidogo tu vinavyozunguka, angalia kama maji ya chumba cha pampu yameshuka na pampu inavuta hewa.

Amonia haishuki

Tangi jipya linahitaji wiki 3 hadi 6 ili bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, wajae kwenye mawe. Kama uko wiki ya pili, hakuna kilichoharibika. Usiingize samaki. Liko tayari pale unapotia amonia safi hadi miligramu 2 kwa lita, na baada ya saa 24 amonia na nitriti vyote vinasoma sifuri.

Kama muda umepita, anza na kipimo: tazama tarehe kwenye chupa, kisha pima maji mapya uliyochanganya kwenye ndoo. Yakisoma amonia, chanzo ni maji ya bomba. Sehemu nyingi maji ya bomba hutiwa kloramini, na dawa ya kuondoa klorini inapoivunja, amonia hubaki ndani imefungwa na kipimo kinaendelea kuiona. Ndiyo maana nasisitiza chujio la utando, lile liitwalo RO, likiwa na hatua ya mwisho ya chembe za kunyonya madini. Maji yatokayo humo yasome sifuri kwenye kipimo cha TDS, yaani cha madini yaliyoyeyuka majini. Yakianza kusoma zaidi, badilisha chembe.

Baada ya hapo fikiria mawe yaliyokaa nje ya maji muda mrefu, mabaki yao yakioza, au kuosha mawe na chujio kwa maji ya bomba na kuua bakteria uliowalea kwa mwezi mzima. Samaki wakiwa ndani na amonia imefika 0.5, badilisha theluthi hadi nusu ya maji leo, joto na chumvi vikiwa vimelingana.

Kitu kimeota: kahawia, chekundu, kijani, au makamasi

Watu huniambia "nina mwani" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu vinne, na dawa ya kimoja hulisha kingine. Tazama kwa makini kabla ya kufanya lolote.

*Vumbi la kahawia kwenye mchanga na kioo*, tangi likiwa na umri wa chini ya miezi mitatu. Ni mwani wa daiatomu, unakula silika. Futa, uache, mara nyingi huisha wenyewe ndani ya wiki chache. Usipoisha, chujio lako la maji limechoka.

*Nyuzi za kijani zilizong'ang'ania mawe.* Ni fosfati na nitrati nyingi, na chanzo cha kwanza ni mkono unaolisha. Lisha kile kinacholiwa ndani ya dakika mbili. Zing'oe kwa mkono wakati wa kubadilisha maji ukizinyonya kwa mpira, punguza saa za mwanga hadi 8, ongeza konokono. Kipimo kinaweza kusoma sifuri kwa sababu nyuzi zenyewe zimeshakula kila kitu, kwa hiyo amini macho.

*Utando mwekundu unaonyanyuka kama ngozi.* Huu si mwani hasa, ni bakteria wanaotumia mwanga. Hupenda mahali ambapo mkondo ni dhaifu na uchafu umetulia. Unyonye kwa mpira mwembamba, elekeza pampu hapo, rudia kila siku mbili. Dawa za chupa zipo, lakini utando mwingi ukifa kwa mkupuo mmoja huvuta oksijeni. Ukizitumia, weka pampu ya hewa.

*Makamasi ya kahawia yenye nyuzi na viputo kwenye ncha*, yanayopungua usiku na kurudi mchana, huku konokono wakianza kufa. Hapa ndipo nimeona watu wengi wakikata tamaa, na nawaelewa. Ni daino, viumbe wa seli moja, na huja zaidi kwenye tangi lililosafishwa kupita kiasi, nitrati na fosfati vikiwa vimefika sifuri. Jaribio la nyumbani: chukua kidogo kwenye chupa na maji ya tangi, tikisa sana, pitisha kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, acha maji yaliyopita chini ya taa kwa saa moja. Yakijikusanya tena kuwa nyuzi, ndiyo hao. Badala ya kusafisha zaidi, fanya kinyume. Simamisha kwanza kubadilisha maji, ondoa dawa ya kunyonya fosfati, pandisha nitrati hadi 5 na fosfati hadi 0.1 kidogo kidogo, na unyonye makamasi kila siku ukiyapitisha kwenye soksi ya chujio. Taa ya urujuanimno husaidia kwa aina zile zinazoelea majini usiku. Wale wanaobaki mchangani haiwafikii. Ipe wiki kadhaa.

Matumbawe yamefunga au yanakuwa meupe

Tofautisha mambo mawili kabla hujagusa. Kama nyama bado ipo, laini, lakini imepauka na unaona mfupa kwa ndani, tumbawe limewatoa mwani wadogo wanaoishi ndani yake na kulilisha. Hilo linaweza kupona. Kama nyama inabanduka na mfupa umebaki mtupu, tumbawe linakufa kuanzia hapo. Kata kipande kizima, sentimita moja mbali na palipooza, ukiokoe.

Lililofunga tu bila kupauka: kama ni tumbawe la ngozi, jua kwamba hufunga siku kadhaa, hata wiki mbili, likibadilisha ngozi yake. Uso unang'aa kama nta, kisha ngozi inatoka. Liache, lipe mkondo tu. Kwa mengine, angalia nani analiuma. Tazama saa mbili baada ya taa kuzimwa, ukiwa na tochi nyekundu: utaona jirani akinyoosha mikono mirefu yenye sumu ambayo mchana huioni, au konokono asiye na gamba akila. Waachie sentimita 15 kati yao, na weka mkaa wa kuchujia, kwa sababu matumbawe laini hupigana pia kwa kemikali.

Kupauka, kwa mpangilio: taa mpya au iliyopandishwa ghafla, joto, ualkali kuruka, njaa. Taa ianze theluthi ya nguvu yake, ipande polepole kwa wiki tatu au nne. Kwa joto, usiamini namba ya kwenye hita. Weka kipimajoto cha pili upande wa pili wa tangi. Hita hukwama ikiwa imewaka, na hita moja kubwa iliyokwama hupika kila kilichomo. Mimi hutumia mbili ndogo na kidhibiti cha nje. Kwa ualkali, matumbawe magumu huula kila siku, kwa hiyo pima siku nne mfululizo saa ile ile ujue unashuka kiasi gani, kisha rudisha kiasi hicho hicho. Usipandishe zaidi ya digrii 1 kwa siku.

pH ikisoma 7.8 usiikimbize kwa dawa. Chumba kilichofungwa kina hewa ya ukaa nyingi, nayo inaingia majini. Fungua dirisha, upime tena baada ya saa chache.

Samaki wanahema juu ya maji

Kagua haraka kwa mfuatano huu: pampu inazunguka? uso wa maji unatikisika? joto limezidi 28? amonia? Vitatu vya kwanza unavijua ndani ya dakika moja. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri huokoa tangi zima. Bila hiyo, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kila baada ya dakika chache.

Vyote vikiwa sawa, tazama ngozi. Chembe kama chumvi zinazokuja na kutoweka ni ugonjwa wa madoa meupe. Vumbi laini kama unga, samaki akikimbilia mkondo wa pampu na kuhema kwa kasi, ni ule wa mahameli, nao huua kwa siku chache. Vyote viwili hutibiwa kwenye tangi la pembeni. Shaba inayowatibu samaki huua matumbawe, kamba na konokono, na huingia kwenye mawe ikabaki. Tangi kuu linakaa bila samaki hata mmoja. Wafugaji wengi hushika siku 76, ili vimelea vikose wa kumshika. Kwa samaki aliyeacha kula kabisa au mwenye vidonda, mtafute daktari wa mifugo anayejua samaki.

Wewe mwenyewe unaumwa baada ya kusafisha mawe

Hii naiweka kwa uzito wote. Matumbawe ya vifungo, yale yanayoota kama zulia la maua madogo, hasa aina nene za Palythoa, yanaweza kuwa na palitoksini, moja ya sumu kali kabisa zinazojulikana. Usiyasugue nje ya maji. Usichemshe jiwe lenye matumbawe hayo, usilitie kwenye maikrowevu, usilimwagie maji ya moto. Mvuke wake umelaza familia nzima hospitalini. Unapoyakata, vaa glavu na miwani ya kinga, na usiyashike ukiwa na kidonda mkononi.

Ladha ya chuma mdomoni, homa, misuli kulegea, kifua kubana, macho kuwaka: toka chumbani na uwatoe wote pamoja na wanyama wa nyumbani, fungua madirisha kama unaweza kufanya hivyo bila kukaa ndani, nawa kwa maji mengi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mtamkie daktari neno "palitoksini" na umweleze ulikuwa unafanya nini, kwa kuwa bila hilo atadhani ni mafua makali. Jiwe lenyewe lirudishwe majini na mtu aliyevaa glavu na barakoa, baada ya chumba kuingia hewa vya kutosha.